Kiwiko cha tenisi: maumivu ya mkono yanayowapata walima jembe, wachimbaji na mafundi

Unanyoosha mkono kuchukua jagi la maji mezani, ghafla kiwiko kinachoma kama kimepigwa msumari na jagi linakuponyoka. Ukiutazama mkono huoni kitu. Haujavimba, hauna jeraha, na hukuanguka popote. Kesho yake kusalimiana kwa mkono kunauma, kufungua kitasa kunauma, kukamua nguo ndiyo usiseme. Jembe unaliogopa. Na kwa kuwa mkono unaonekana mzima, nyumbani wanaanza kunong'ona kwamba umepata uvivu.

Huo si uvivu. Ni ugonjwa unaojulikana kwa madaktari wa dunia nzima, na jina lake linashangaza kidogo kwa mtu wa Mpanda: kiwiko cha tenisi.

Jina hilo lina historia yake. Daktari Mjerumani aitwaye Runge aliyaeleza maumivu haya mwaka 1873, akiyahusisha na watu wanaoandika sana kwa mkono. Miaka kama kumi baadaye, 1882 na 1883, madaktari wa Uingereza wakaandika juu ya matajiri waliokuwa wakicheza tenisi kwenye nyasi, mchezo uliokuwa mpya wakati huo, na jina likaganda hapo. Lakini wagonjwa wengi wa ugonjwa huu hawajawahi kushika raketi. Katika kila watu wazima 100, kati ya 1 na 3 huwa nao, wanaume kwa wanawake, wengi wakiwa na umri wa miaka 35 hadi 55. Mara nyingi ni mkono ule anaoutumia zaidi. Kama jina lingetungwa Usevya au Mishamo, pengine tungeuita kiwiko cha jembe.

Nini kinatokea ndani ya kiwiko

Fanya jaribio dogo. Weka kiganja cha kushoto juu ya kigasha cha kulia, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, upande wa juu. Sasa kunja ngumi ya kulia kwa nguvu. Umesikia misuli ya upande wa juu inakakamaa? Hiyo ndiyo misuli inayonyanyua kiganja na vidole kwenda juu. Kila unapokamata kitu kwa nguvu, inafanya kazi ya kuzuia kiganja kisijikunje. Misuli hiyo imeshikizwa kwenye nundu ya mfupa iliyo upande wa nje wa kiwiko, na kinachoishikiza ni kano, kamba ngumu inayounganisha misuli na mfupa.

Kwa hiyo kinachochosha kano hiyo zaidi ni kukamata kwa nguvu, tena na tena, huku kiganja kikipigwa mishtuko au kikizungushwa. Ukilima saa sita umekamata mpini mara maelfu. Kano haina damu nyingi kama misuli, hivyo inajirekebisha polepole. Ikichanika vijinyuzi vidogo leo na kesho ikarudishwa kazini kabla haijapona, nyuzi zake hupoteza mpangilio, kama kamba ya katani iliyoanza kulegea misokoto.

Zamani ilidhaniwa kwamba ndani mna uvimbe unaowaka, na dawa zote zikalenga kuzima moto huo. Madaktari walipoichunguza kano yenyewe kwa hadubini hawakukuta moto wa namna hiyo. Walikuta kano iliyochakaa, yenye nyuzi zilizovurugika. Tofauti hiyo ni kubwa, maana moto huzimwa, lakini kano iliyochakaa inabidi ijengwe upya. Karibu kila kosa linalofanyika katika kutibu kiwiko linatokana na kutoijua tofauti hii.

Kazi zetu na kiwiko

Katika mkoa wa Katavi kazi za kukamata na kusokota hazikosekani mwezi wowote. Mvua zinapoanza Novemba, mtu aliyekaa miezi kadhaa bila kushika jembe anaamka alfajiri na kulima hadi jua la utosi, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wenye ng'ombe wa plau wanasalimika wakati wa kulima, lakini palizi ya Januari inabaki ya mkono kwa wengi. Mkulima wa tumbaku ana shoka la kukata kuni za kukaushia, halafu kuchuma majani, halafu kuyafunga. Kwenye mpunga wa bonde la Mpimbwe kuna mundu na kupura kwa kupiga. Mahindi yakikauka yanapukuchuliwa kwa mikono, kazi inayoonekana nyepesi lakini yenye kusokota kiganja kutwa nzima, na mara nyingi huangukia akina mama ambao hao hao wanatwanga, wanafua na kubeba ndoo.

Mchimbaji mdogo wa dhahabu anayegonga tindo kwa nyundo kwenye mwamba anapata yote mawili kwa pamoja, mkamato mkali na mshtuko. Fundi seremala anayefunga skrubu kwa mkono, fundi mwashi na mwiko wake, mkata nyama, mfugaji anayekamua ng'ombe wengi, kinyozi, dereva wa bodaboda anayeshikilia usukani kwenye barabara ya mashimo, fundi cherehani na mkasi wake mzito, wote wamo. Wavuvi wa Karema na Ikola wanaovuta nyavu nao wamo.

Mambo mawili huongeza hatari. Moja ni kuvuta sigara, kwa sababu kunapunguza uwezo wa kano kujirekebisha. La pili ni kuongeza kazi ghafla. Kano huzoea mzigo mkubwa kabisa ikipewa muda. Mzee aliyelima maisha yake yote bila kusumbuliwa anaweza kuupata ugonjwa huu msimu ule alioongeza heka mbili.

Utajuaje kwamba ni huo

Tafuta ile nundu ya mfupa upande wa nje wa kiwiko, upande wa kidole gumba ukiwa umegeuza kiganja juu. Bonyeza hapo, au upana wa kidole kimoja chini yake kuelekea kiganjani. Kwenye kiwiko cha tenisi maumivu yapo hapo hapo, unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole. Kisha nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini, ukunje ngumi na ujaribu kuinua ngumi juu huku mkono wa pili ukiizuia. Yakija maumivu yale yale, ni dalili nzuri kwamba tatizo ni hilo kano. Jaribio la tatu ni la kiti: kukinyanyua kwa kukishika mgongoni, kiganja kikitazama chini, kunauma. Ukigeuza kiganja juu, maumivu yanapungua au hayapo.

Maumivu yakiwa upande wa ndani wa kiwiko, ule unaogusa ubavu, hilo ni tatizo la ndugu yake. Kano inayouma ni ya misuli ya kukunja kiganja, na matunzo yanafanana.

Si kila kiwiko kinachouma ni hiki, na baadhi havingoji. Nenda kituo cha afya mapema kama maumivu yalianza baada ya kuanguka au kupigwa, kama kiwiko kimevimba, kina joto na una homa, au kama hakinyooki wala kukunja. Nenda pia kama una ganzi au mchomo unaoshuka hadi vidoleni, hasa pamoja na maumivu ya shingo, kwa sababu hapo chanzo kinaweza kuwa mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni. Maumivu yanayokuamsha usiku huku unapungua uzito, au viungo vingi kukakamaa asubuhi kwa wakati mmoja, yanahitaji vipimo. Mtoto mwenye kiwiko kinachouma apelekwe bila kusubiri, na mwenye selimundu vilevile.

Sindano inayoponya mwezi mmoja

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wanapoumia mara ya pili.

Mtu mwenye maumivu na shamba linalomngoja anataka kitu cha haraka, na kipo: sindano ya dawa jamii ya steroidi, inayochomwa pale pale kwenye kiwiko. Mara nyingi inafanya kazi vizuri mno. Ndani ya siku chache maumivu yamekwisha, mgonjwa anamsifu aliyemchoma na kurudi kazini kwa nguvu zote. Baada ya miezi michache maumivu yanarudi, anachomwa tena, yanarudi mapema zaidi.

Watafiti wa Australia waliwafuatilia wagonjwa 198 kwa mwaka mzima na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Waliwagawa makundi matatu: waliochomwa sindano, waliopewa tiba ya viungo na mazoezi, na walioshauriwa tu kupunguza kazi na kusubiri. Wiki ya sita waliochomwa sindano ndio waliokuwa na hali nzuri kuliko wote. Lakini kati ya 65 waliokuwa wamepata nafuu kwa sindano, 47 walirudi nyuma baadaye, na mwisho wa mwaka kundi la sindano lilikuwa nyuma ya wale wa mazoezi, na hata ya wale waliosubiri tu. Uchunguzi mwingine wa baadaye umeonyesha mwelekeo huo huo. Maelezo yanaeleweka ukikumbuka ile kamba: sindano inanyamazisha maumivu bila kuijenga kano, na dawa yenyewe ikirudiwa inaweza kuidhoofisha zaidi.

Daktari anaweza kuwa na sababu ya kuchoma mara moja katika hali fulani, na huo ni uamuzi wake baada ya kukupima. Sindano ya kuchomwa dukani, au na mtu anayepita kijijini na begi, ikatae.

Kuchanja chale nako hakufiki kwenye kano. Kinachofika ni wembe, na wembe uliotumika kwa mwingine huleta pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Kukandwa taratibu kwa mafuta hakuna ubaya kama kunakupa nafuu, ila kusuguliwa kwa nguvu hadi utoe machozi kunaiumiza kano ambayo tayari imeumia.

Vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu kwa siku kadhaa, basi. Havijengi kitu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au ujauzito asivimeze bila kuulizia kwa mhudumu wa afya. Parasetamoli ni salama zaidi kwa wengi ikitumika kwa kipimo chake. Na kama maumivu ya kano yalianza siku chache baada ya kumeza antibayotiki ya siprofloksasini, ambayo wengi huiita sipro, mweleze mganga, kwa sababu dawa hiyo inajulikana kudhuru kano kwa baadhi ya watu.

Mazoezi ya chupa ya maji

Wagonjwa 8 au 9 kati ya 10 hupona ndani ya mwaka mmoja bila upasuaji. Mwaka ni mrefu kwa mtu wa jembe. Mazoezi yanakusudia kuufupisha, na pia kuifanya kano iwe imara ili msimu ujao usianze upya.

Wiki mbili za kwanza punguza kazi inayouma, lakini usiufunge mkono shingoni ukae bure. Kano isiyofanya kazi kabisa inazidi kudhoofika. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, husaidia jioni baada ya kazi. Asiye na barafu atumie kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na akipata nafuu kwa hicho aendelee nacho.

Zoezi la kwanza halihitaji kusogeza kitu. Keti, laza kigasha mezani au juu ya paja, kiganja kikitazama chini na kikiwa kimevuka ukingo. Weka mkono wa pili juu ya kiganja hicho. Kiganja kisukume juu, mkono wa pili ukizuie, visisogee. Shikilia hapo sekunde 30 hadi 45, pumzika dakika moja, rudia mara 4 au 5. Kwa wengi hili lenyewe hupunguza maumivu kwa saa kadhaa.

Baada ya wiki moja au mbili, chukua chupa ya plastiki ya nusu lita. Ikijaa maji ina uzito wa nusu kilo, kwa hiyo ukianza na robo ya maji na kuongeza kidogo kidogo unakuwa na mizani nyumbani bila kununua chochote. Kaa vile vile, shika chupa, kiganja kikitazama chini. Tumia mkono mzima kuinua kiganja kinachouma hadi juu. Kisha mkono mzima uachie, na kiganja chenye chupa kishuke chenyewe polepole huku ukihesabu moja hadi tano. Usikidondoshe. Rudia mara 10 hadi 15, pumzika, fanya hivyo mizunguko mitatu, mara moja kwa siku. Kile kushuka taratibu ndiko kunakoijenga kano.

Kuna pia zoezi la kusokota, ambalo hospitali za nchi nyingine hulifanya kwa fimbo ya mpira. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kilichokunjwa mara kadhaa, au taulo lililoviringishwa, vinatosha. Mkono mzima usokote, na ule unaouma uachilie msokoto polepole kwa kurudisha kiganja chini.

Je, maumivu wakati wa zoezi ni hatari? Yahesabu kwa kumi. Yakiwa tatu au nne na yakapoa kufikia kesho asubuhi, endelea. Yakifika sita, au ukaamka yamezidi ya jana, umepita kiasi: punguza maji kwenye chupa. Tarajia mabadiliko kati ya wiki ya 6 na ya 12. Wengi huacha wiki ya tatu kwa kuona hakuna kilichobadilika, na hilo ni kosa la pili kwa ukubwa baada ya sindano. Kisukari nacho huchelewesha kupona, hivyo mwenye nacho asikate tamaa mapema.

Mkanda wa kiwiko unaouzwa madukani husaidia baadhi ya watu wakiwa kazini. Unafungwa upana wa vidole viwili chini ya ile nundu, juu ya nyama nene ya kigasha, haufungwi kwenye kiwiko chenyewe. Kitambaa imara chenye upana wa vidole vitatu kinaweza kufanya kazi hiyo. Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, legeza. Usilale nao.

Kama wiki 12 za mazoezi hazijaleta kitu, anzia zahanati au kituo cha afya uombe rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi iko Manispaa ya Mpanda, na ukifika huko ulizia fiziotherapia, tiba ya viungo. Upasuaji upo kwa wachache sana ambao miezi 6 hadi 12 ya matibabu mazuri imeshindwa.

Mpini, panga na namna ya kubeba

Mpini mwembamba unakulazimisha kukaza ngumi. Wachezaji wa tenisi hupima raketi kwa njia ambayo hata mkulima anaweza kuiga: nyoosha kiganja, pima kwa uzi kutoka mstari wa katikati ya kiganja hadi ncha ya kidole cha pete. Urefu huo ndio mzunguko unaoufaa mkono wako. Mpini ukiwa mwembamba kuliko hapo, uviringishie mpira wa ndani wa baiskeli. Utaunenepesha, utapunguza mshtuko, na hautateleza kwa jasho. Jembe linalocheza kwenye mpini likazwe, kwa sababu mkono hukaza zaidi kulidhibiti. Jembe, panga na shoka butu vinadai mapigo mengi zaidi kwa kazi ile ile, hivyo tupa na jiwe la kunolea ni sehemu ya tiba.

Ndoo, debe na gunia vinyanyue kiganja kikitazama juu na kiwiko kikiwa kimekunjwa karibu na mwili. Nguo nzito usizikamue kwa kusokota hewani. Zungushia shuka kwenye nguzo au bomba, shika ncha zote mbili na uvute kwa uzito wa mwili. Kupukuchua mahindi, kama mashine iko mbali, gawanya kwa siku nyingi na watu wengi, kila mmoja nusu saa kisha abadilishe kazi.

Ugumu ni wa kibarua anayelipwa kwa heka. Kumwambia apumzike ni kumwambia asile. Anachoweza kufanya ni kubadilisha mkono unaotangulia kwenye mpini kila baada ya tuta moja au mawili, kubadilishana na mwenzake kati ya kulima na kupanda, na kusimama dakika mbili kila nusu saa akunjue vidole. Nyumbani, watoto wakubwa na mume wachukue ndoo na kinu kwa wiki hizo. Ukweli ni kwamba mama wengi hawaponi kwa sababu mkono unapumzika shambani na kuchoshwa jikoni.

Mvua za Katavi zina kalenda inayojulikana, na hiyo ni nafasi. Anayeanza zoezi la chupa mwanzoni mwa Septemba ana wiki nane au zaidi kabla ya jembe la kwanza. Mvua ikinyesha, siku ya kwanza alime saa moja na nusu tu, aache hata kama anajisikia vizuri, asikilize kiwiko kesho yake asubuhi, kisha aongeze nusu saa kila baada ya siku mbili au tatu. Zoezi lenyewe aendelee nalo mara tatu kwa wiki hadi palizi iishe.